BUSTANI YA NYUMBANI: Mnanaa wa Kijitoni Uhamie Chini ya Mgomba

Mtu aliyepata kuchunga ng'ombe katika miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Kapsokwony, hahitaji kuelezwa harufu hiyo. Ng'ombe hushuka kijitoni kunywa maji, kwato zao hukanyaga majani ya ukingoni, na mara harufu kali yenye ubaridi hupanda hata ikamfikia mchungaji aliyeketi juu ya mwamba. Ni mnanaa wa mwitu. Mchungaji hushuka, huchuma jani, hulisugua kiganjani na kulinusa, kisha hulitafuna apate kutuliza kiu. Jioni, akina mama wakienda kuteka maji, huchuma konzi moja ya majani yale yale wakayapika pamoja na chai.

Mambo hayo mawili, kutafuna na kupika, hufanana machoni pa watu wengi. Walakini moja lina hatari na la pili halina. Tena mmea huo mzuri waweza kuhamishwa kutoka kijitoni ukakaa nyumbani, mahali penye kivuli na unyevu, pasipo kuharibu ukingo wa mto wala ini la mtu.

Kwanza yafaa mmea wenyewe ujulikane, maana majina huchanganywa sana. Ukoo wa mnanaa ni mkubwa. Shina lake lina pembe nne, na mtu aweza kuzihisi akilizungusha kati ya vidole viwili. Majani nayo hutoka mawili mawili yakielekeana. Mrehani ni wa ukoo huo, na kivumbasha ambacho watu hufukuzia mbu ni wa ukoo huo pia. Lakini mnanaa hasa hutambaa. Hutoa mashina marefu yapitayo chini ya udongo au juu yake, na kila fundo likigusa tope hutoa mizizi. Mrehani hausafiri hivyo, bali husimama pale pale ulipopandwa mpaka ufe.

Mnanaa wa majini, ambao wataalamu huuita Mentha aquatica tangu Linnaeus wa Sweden alipouandika mwaka 1753, ni mwenyeji wa Ulaya, wa magharibi mwa Asia, na wa sehemu nyingi za Afrika, pamoja na nyanda za juu za Afrika ya Mashariki. Maua yake yana rangi ya zambarau hafifu, nayo hukusanyika penye ncha ya shina kama kitufe cha mviringo. Mnanaa unaouzwa masokoni mijini, ule ambao watu wa pwani hutia katika chai na katika biriani, ni mwingine. Maua yake hujipanga kama suke jembamba, nao ni mgeni aliyeletwa. Hao wawili walipokutana huko Ulaya walizaa chotara, na chotara huyo ndiye atoaye mafuta ya peremende. Wengi wamekula peremende tangu utoto wasifikiri kwamba neno hilo limetokana na jina la Kiingereza la mmea huo. Kwa kuwa chotara hazai mbegu zifaazo, hupandwa kwa vipande vya shina tu, na mtu anunuaye pakiti ya mbegu yenye jina lake huwa amenunua kitu kingine.

Sasa juu ya hatari.

Katika maduka ya nyama hutokea mara kwa mara mambo ya namna hii. Mama hufika asubuhi na kikapu chake akitaka ini, kwa kuwa ana mtoto aliyepungukiwa na damu.

"Bwana, nipimie nusu kilo ya ini."

"Leo hakuna, mama. Mkaguzi amelikataa."

"Amelikataa au limewekwa kwa ajili ya wakubwa?"

"Limekataliwa, mama. Lina minyoo."

Mama huenda zake kwa hasira, asiamini. Lakini mkaguzi wa nyama alilipasua ini lile akaona ndani ya mirija ya nyongo minyoo bapa, mfano wa majani madogo yaliyonyauka, yenye rangi ya udongo. Wafugaji wa zamani huijua sana. Ng'ombe mwenye minyoo hiyo hukonda hata malisho yakiwa mengi, na maziwa hupungua. Jambo wasilolijua wengi ni kwamba minyoo hiyo ilimfikia ng'ombe ikiwa imeshikamana na jani.

Safari yake ni ya ajabu. Wataalamu wawili, Rudolf Leuckart wa Ujerumani na A. P. Thomas wa Uingereza, waliifuata kila mmoja kwa njia yake, na kufikia mwaka 1883 ilikuwa imekwisha elezwa. Mnyoo mzima hukaa katika ini na kutaga mayai, nayo hutoka pamoja na mavi ya mnyama. Yai likianguka mahali pakavu hufa. Likianguka penye maji huanguliwa, na kidudu kisichoonekana kwa macho huogelea kikitafuta konokono mdogo wa matopeni. Kisipompata mapema hufa. Kikimpata humwingia mwilini, na humo huongezeka hata yai moja likaleta vidudu mamia. Hivyo hutoka kwa konokono, huogelea kwa kutikisa mikia, hupanda juu ya jani la mmea uliosimama majini, hupoteza mikia, kisha hujifunika kila kimoja kwa kifuko kigumu kilicho kidogo kuliko chembe ya chumvi. Humo hungoja. Hungoja ng'ombe, kondoo au mbuzi aje kula jani lile. Wala hakichagui kati ya ng'ombe na mchungaji wake.

Mtu akimeza kifuko hicho, mnyoo mchanga hutoka ndani yake, hutoboa utumbo, na kulitafuna ini mpaka uifikie mirija ya nyongo. Kazi hiyo huchukua muda wa miezi mitatu au minne. Katika siku hizo mgonjwa huweza kupata homa, maumivu chini ya mbavu za kulia, kichefuchefu na vipele viwashavyo. Mahali penye malaria, homa hiyo hudhaniwa kwa urahisi kuwa malaria. Baadaye, mirija ikizibwa, macho huweza kugeuka manjano. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wasiopungua 2,400,000, katika nchi zaidi ya 70, wana ugonjwa huu. Umeenea zaidi katika nyanda za juu za Bolivia na Peru, na huko Misri penye matawi ya mto Nile. Ni kweli kwamba katika Afrika ya Mashariki ugonjwa huu ni wa mifugo hasa, lakini njia iliyo wazi kwa ng'ombe haijafungwa kwa mtu. Mimea ya majini iliwayo mibichi ndiyo inayolaumiwa zaidi, na mnanaa wa majini ni mmojawapo.

Watu husema, "Nitaliosha jani." Kuosha hakutoshi, kwa maana kifuko kile kimenata. Moto ndio unaokiua. Kwa hiyo mama aliyetia majani katika sufuria akayachemsha pamoja na maji ya chai hana la kuogopa. Bali mchungaji aliyelitafuna bichi, na yule aliyelikatakata juu ya kachumbari, hao wamejiweka hatarini. Kudumbukiza jani bichi katika kikombe cha chai iliyokwisha poa si sawa na kulichemsha. Tena yafaa ijulikane kwamba vidonge vya kawaida vya minyoo, vile vinavyogawiwa mashuleni, haviponyi ugonjwa huu. Dawa yake huitwa triklabendazoli, nayo hutolewa na daktari baada ya kupima. Mgonjwa atakayemweleza daktari kwamba ana desturi ya kula majani mabichi ya mtoni atakuwa amemsaidia sana katika kazi yake.

Basi huenda mtu akasema, "Kama ni hivyo, mmea huu uachwe kabisa." La, hapana haja. Kosa si la mmea bali ni la mahali unapoota. Mnanaa ulio katika bustani, mbali na mavi ya ng'ombe na konokono wa matopeni, hauna mahali pa kupatia ugonjwa huo.

Lakini mtu akikusudia kuuhamisha, wazo la kwanza limjialo ni kushuka kijitoni na jembe, ang'oe shuke zima pamoja na tope lake. Hilo halifai kwa sababu mbili. Tope lile laweza kuwa na konokono ndani yake, naye atakuwa amemkaribisha adui nyumbani. Na pili, mizizi ile iliyosukana ndiyo inayoushika ukingo. Maji ya upande huu wa mlima hukusanywa na mito kama Kuywa, nao Kuywa huingia Nzoia, na Nzoia humwaga katika Ziwa Viktoria. Udongo ubomokao Kapsokwony haupotei. Husafiri ukajaza mito ya watu wa chini. Sheria za Kenya zimeagiza ukingo wa mto uachwe pasipo kulimwa, tangu meta 6 hadi meta 30 kwa kadiri ya upana wa mto. Wakulima wengi huliona agizo hilo kuwa ni kunyang'anywa kipande kizuri kuliko vyote vya shamba, na malalamiko yao yaweza kueleweka, kwa kuwa mahali hapo ndipo mboga zisitawipo wakati wa kiangazi. Hata hivyo mwenye kuuona ukingo uliolimwa baada ya mvua kubwa moja tu hatauliza tena sababu ya sheria.

Mwenye busara huenda na kisu kidogo. Huchagua ncha za mashina yaliyo juu, yasiyoguswa na maji, ambayo hayajatoa maua, akakata vipande kumi au kumi na viwili vyenye urefu wa inchi 4, kila kimoja chini kidogo ya fundo. Afikapo nyumbani huondoa majani yote ila mawili madogo ya juu kabisa, na yale aliyoyaondoa huyachoma moto. Kisha huvisimamisha vipande katika gilasi ya maji safi, mahali penye mwanga pasipo jua kali, akibadili maji kila siku ya pili. Baada ya muda wa juma moja au mawili mizizi myeupe huonekana. Miche ikishapandwa, yale majani mawili yaliyotoka mtoni nayo huondolewa na kuchomwa mara machipukizi mapya yatokeapo. Ni majani yaliyochipuka bustanini tu ndiyo yaliwayo.

Juu ya mahali pa kupanda, Kapsokwony imebarikiwa. Mji huo uko juu ya futi 5,000, udongo wake ni wa mlima wa volkano uliozimika zamani, na mvua zake ni nyingi kuanzia Machi. Lakini kivuli lazima kichaguliwe kwa akili. Kapsokwony haiko mbali na ikweta, na jua la adhuhuri hupita karibu juu ya utosi, kwa hiyo ukuta wa nyumba hausaidii sana wakati wa mchana. Kivuli cha kweli ni cha majani ya juu. Mgomba ni mzuri kuliko yote, hasa upande wake wa mashariki, ambapo mnanaa hupata jua la asubuhi kisha hufunikwa wakati wa joto. Kivuli kikizidi, mashina hurefuka yakawa membamba na harufu ikapungua, hata mtu akadhani amepanda majani mengine. Basi akiona hivyo na apunguze makuti ya mgomba.

Chini ya mkahawa haifai. Kivuli kipo, ni kweli, lakini mkahawa hupigwa dawa ya chule buni na ya kutu ya majani, na dawa hiyo ikidondoka juu ya mnanaa itakwenda moja kwa moja katika kikombe. Wala haifai kupanda karibu na choo, wala mahali ambapo maji ya zizi hupita yakitoka kwa ng'ombe.

Shimo na lilimwe kina cha futi moja, udongo uchanganywe na samadi iliyooza hata ikawa haina harufu, maana samadi mbichi huchoma mizizi, na iliyotoka zizini jana yaweza kuwa na mayai yale yaliyokwisha semwa. Ni vizuri mnanaa ufungiwe. Debe kuukuu lililotobolewa matundu chini, au karai lililovuja, lifukiwe ardhini mdomo wake ukitokeza inchi 2, na mche upandwe ndani yake. Asiyefanya hivyo atauona mnanaa wake katika maharagwe kabla ya mwaka kwisha, na katika maharagwe ya jirani mwaka wa pili, na kesi ya mpaka imekwisha zaliwa. Miche iachane futi moja. Juu ya udongo yatandazwe majani makavu ya mgomba, ambayo huweka unyevu, ingawa kuku wataona ni mahali pa kuchakura, na hapo itambidi mkulima asimamishe uzio mdogo wa fito.

Maji ya kunyeshea yatoke katika tangi la mvua au chemchemi iliyojengewa, na yamwagwe shinani. Mnanaa hupenda unyevu siku zote. Mnanaa wa majini huvumilia hata udongo uliolowa, ila hakuna sababu ya kuutengenezea bwawa nyuma ya nyumba, mahali ambapo konokono na mbu watafurahi kuliko mwenye nyumba.

Adui mkubwa wa mnanaa bustanini ni kutu, yaani vidoa vya rangi ya machungwa chini ya majani. Hapo hakuna haja ya dawa. Mashina yote yakatwe mpaka chini na kuchomwa moto, na yanayochipuka yatazamwe kwa makini. Yakitokea tena na kutu, ni afadhali kuanza upya mahali pengine kwa miche safi.

Kuchuma hufanywa asubuhi baada ya umande kukauka, kabla maua hayajafunguka, maana wakati huo ndipo mafuta yake yalipo mengi. Mwenye kutaka kuyaweka majani ayaanike katika ungo, kivulini penye upepo. Kuyaanika juu ya bati penye jua ni kuyapa jua harufu yote na kubaki na nyasi.

Juu ya matumizi yake, mengi husemwa, mengine ya kweli. Ubaridi unaohisiwa kinywani si ubaridi wa kweli. Kitu kiitwacho mentholi, ambacho kimo kwa wingi katika mafuta ya peremende, hugusa mlango ule ule wa neva unaofunguliwa na baridi, na ubongo ukadanganyika. Mlango huo ulifahamika mwaka 2002, na mwaka 2021 David Julius na Ardem Patapoutian, ambao kila mmoja aliutafuta kwa kutumia mentholi, walishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba. Kwa mtu mzima chai ya nanaa hutuliza tumbo lililojaa upepo. Kwa mtoto mchanga jambo ni jingine. Katika miezi ya baridi, ukungu ukishuka kutoka mlimani, akina mama huona huruma kwa mtoto aliyezibwa pua, wakampaka puani mafuta makali ya mentholi. Hayo yaweza kumkaza koo mtoto hata akashindwa kuvuta pumzi. Asipakwe kabisa. Na homa haitibiwi kwa chai, iwe ya mtoto au ya mzee. Mahali pake ni hospitali.

Wako watakaouliza habari ya fedha. Mfano mzuri uko karibu, huko Kakamega, ambako wakulima wa chama cha Muliru wanaokaa kando ya msitu walianza kulima mmea wa asili wa ukoo huu wa mnanaa, ambao kwao huitwa mwonyi na wataalamu huuita Ocimum kilimandscharicum. Hawakuenda kuuchuma msituni. Waliulima mashambani mwao, wakakamua mafuta, na kwa msaada wa wataalamu wa ICIPE wakatengeneza dawa ya kupaka iitwayo Naturub. Mwaka 2010 chama hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ila mtu asikimbilie kupanda ekari nzima ya mnanaa kwa kusikia hayo. Mwonyi hupenda jua, si kivuli, tena watu wale walikuwa na mtambo na mnunuzi. Mwenye debe tatu chini ya migomba na aanze kwa mafungu machache katika soko la Kapsokwony au la Chwele, aone kama yanarudi nyumbani jioni au la.

Kiangazi kikifika, kuanzia Desemba, majani yatapungua na mashina yatageuka kama vijiti. Wengi hudhani mmea umekufa wakaung'oa. Haujafa. Ukatwe mpaka inchi 2 kutoka ardhini, ufunikwe na majani ya mgomba, upewe bakuli la maji jioni mara mbili kwa juma. Mvua ya kwanza ya Machi ikinyesha, ncha ndogo zenye wekundu zitatokeza katika mdomo wa debe, na zikifika inchi 4 ndipo wakati wa kukata vipande vya kumpelekea jirani, kabla naye hajashuka mtoni na jembe lake.